Niliambiwa Dua, Nikainua Mikono

Wale mlioniandikia wiki nzima kuniita mjinga, ujumbe wenu nimeusoma. Mmoja wa Mikindani ameniita mbuzi. Namwomba asome ya leo mpaka mwisho, maana huenda akaenda kumtaka radhi mbuzi.

Kwa aliyekosa: mimi ni Abdulsalam, mtu wa Kikwajuni, Unguja. Mwaka wa kumi na moja huu nanunua vitambaa soko la Zhongda hapa Guangzhou na kuvipakia kontena kwenda nyumbani. Wiki iliyopita niliwaeleza jinsi kijana mmoja wa kwetu bara, Humphrey, alivyoniuzia nyumba nne za wageni katika kisiwa kidogo cha Indonesia kiitwacho Gili Randu. Ningepokea watalii, ningezeeka kwa raha, ningeachana na vumbi la majora. Nililipa kwanza, nikaenda kuangalia baadaye.

Nilichokikuta mnakijua. Vibanda vinne. Bomba la choo limepita chini ya baraza yangu, na limepasuka. Maji ya kuogea ya chumvi, yananuka yai viza. Takataka za watalii zinachomwa kila alasiri, na moshi wake ukaniingilia kwenye sahani ya wali. Nilitapika mara mbili mbele ya Mfaransa mmoja aliyekuwa amekaa pale miaka ishirini na minne na kuona yote hayo ni kawaida.

Na bado nikatia saini.

Mnauliza kwa nini. Kwa sababu ya lugha, ndugu zangu. Lugha ndiyo iliyonimaliza.

Nilifika Gili Randu nikasikia watu wanasema meja, nikatazama, ni meza. Wanasema sabun, ni sabuni. Karatasi wanaiita kertas. Bendera ni bendera, dunia ni dunia. Siku ya pili nikawa natembea kifua mbele. Humphrey alipotaka kuniletea mkalimani nilimfukuza kwa mkono.

"Usinifundishe," nilimwambia. "Hii lugha ya wajomba zangu."

Karatasi yenyewe nikaisoma kwa macho yangu. Katikati imeandikwa hak milik. Haki. Miliki. Mswahili gani atatafuta mkalimani hapo? Juu kabisa, kwa herufi kubwa, imeandikwa sewa menyewa. Nikasema hawa jamaa wana lafudhi tu, wanataka kusema sawasawa.

Mwenye ardhi alikuwa mzee mmoja, Pak Rusli, kavaa jezi ya mpira na kofia nyeusi. Akanitazama usoni akauliza, "Sewa?"

"Sawa!" nikamjibu.

"Sewa, ya?"

"Sawa kabisa!"

Akafurahi, akanipiga bega. Kisha akanyoosha vidole viwili, akasema taratibu, kama anayesema na mtoto, "Dua bulan."

Vile vidole nikadhani ni ile alama wanayopigia picha vijana. Lakini dua nililisikia vizuri. Nikasema mashaallah, mzee mcha Mungu huyu, anataka tuuombee mkataba. Nikainua mikono. Nikaomba dua ndefu, ya baraka, ya mavuno, ya kuepushwa na husuda. Pak Rusli akanitazama kidogo, akainua mikono na yeye. Amin, amin, amin.

Humphrey akatupiga picha, na video pia.

Picha hiyo ilifika Kikwajuni kabla sijafika mimi Guangzhou. Mama yangu mzazi aliichapisha kubwa, akaitundika sebuleni. Anakaa na Bi Chausiku, mjane wa marehemu kaka yangu, na kila mgeni anayeingia kwao lazima asimamishwe mbele ya picha. Mtaa mzima wananiita Mwenye Kisiwa.

Sasa twende Alhamisi.

Ilikuwa wiki ya mwisho ya heka heka kabla Wachina hawajafunga kwa mwaka wao mpya. Nilikwenda kwenye ofisi ya wakala anayenipitishia mizigo yangu bandari ya Huangpu, kuulizia kontena. Karani wao mmoja, Anita, ni Mindonesia wa Surabaya. Tunaelewana kwa Kichina cha sokoni na Kiingereza kidogo, na huwa ananiita laoban, yaani bosi, kwa utani.

Kontena langu halijapakiwa. Nilikaa kusubiri. Mikono ikaniwasha, nikaitoa karatasi mkobani nimwonyeshe. Nilitaka pongezi, basi. Nilitaka mwenye nchi yake aniambie karibu.

Anita akasoma ukurasa wa kwanza. Akageuza. Akarudi wa kwanza.

"Laoban, umekodi kwa nani?"

"Sijakodi. Nimenunua."

"Hii ni karatasi ya kukodi."

"Soma vizuri, Anita. Si umeona pale, sewa? Tulikubaliana, sawa."

"Sewa ndiyo kukodi. Sewa menyewa, kukodishana."

Nikacheka. Nikamwekea kidole kwenye hak milik. "Na hii?"

"Hii ni kweli. Haki ya kumiliki."

"Ehee!"

"Ya Pak Rusli. Imeandikwa hapa, wewe unakodi juu ya ardhi ambayo haki miliki ni ya Pak Rusli. Mgeni kwetu hapewi hiyo, laoban. Kila mtu anajua."

Kila mtu anajua.

"Nimekodi miaka mingapi?"

"Aliyekodi miaka ishirini na mitano ni Mfaransa. Wewe umechukua iliyobaki. Inaisha tarehe ishirini na nane mwezi wa pili."

"Mwaka gani?"

"Huu."

"Hapana. Hiyo ni tarehe ya bwawa la kuogelea. Humphrey aliniambia, mwezi wa pili bwawa litakuwa tayari."

Anita, Mungu amlipe, alilitafuta bwawa. Alipitisha kidole mstari kwa mstari, kurasa zote nne. "Hakuna bwawa humu," akasema.

"Basi yule mzee ni mwizi! Mzee mzima, na kofia kichwani, ananiibia huku ananipigia dua!"

"Alikuombea?"

"Niliomba mimi. Yeye alisema tu, dua bulan."

Anita akaweka mkono mdomoni.

"Nini?"

"Laoban... dua ni mbili. Bulan ni mwezi."

Sikumwelewa. Akanyoosha vidole viwili, vile vile, mbele ya pua yangu.

"Alikuwa anakwambia imebaki miezi miwili."

Halafu akashindwa. Alicheka mpaka akashika meza. Wenzake wakamuuliza kuna nini, akawasimulia kwa Kichina, na kwenye kusimulia akainua mikono juu kama mimi. Ofisi nzima ikaangua kicheko. Karani mmoja alikuwa anakula miguu ya kuku, anatema vifupa kwenye kikombe cha karatasi. Kikampalia, akatema pembeni ya kiatu changu. Nikabaki nakitazama kile kifupa kina utelezi wa mate, na nikajiona sina tofauti nacho.

Maana angalau kama Pak Rusli angekuwa mwizi, ningekuwa na wa kumchukia. Yule mzee aliniuliza mara mbili kama nakodi, nikamwambia nakodi. Akaniambia imebaki miezi miwili, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Alihakikisha kuliko wakili.

Nikatoka mbio kwenda Xiaobei, ambako Humphrey ana chumba ghorofa ya tatu anachokiita ofisi.

Chumba kinanuka mafuta ya kukaangia ya mgahawa wa chini, na juu yake Humphrey anapuliza manukato. Vikichanganyika unatamani kutopumua. Nilimkuta anakata kucha mezani. Vipande vinarukia brosha zake, vingine vimetua kwenye maji ya bluu ya Gili Randu.

"Kaa, mzee wangu. Mbona jasho na baridi yote hii?"

"Sewa ni nini?"

Kikatio cha kucha kikasimama.

"Nani kakwambia?"

Mnaona? Mtu asiye na hatia angeuliza, sewa ndiyo kitu gani? Yeye aliuliza nani.

"Ulijua, Humphrey."

"Mzee, tuheshimiane. Nilikuletea mkalimani, ukamfukuza. Nikakuuliza, umeelewa? Ukasema lugha ya wajomba. Video ninayo."

"Ulinambia nanunua!"

"Nilikwambia utakuwa mmiliki. Ni mmiliki. Kwa muda. Nani hapa duniani anamiliki milele?"

"Muda wa wiki sita?"

Akapuliza kucha kutoka kwenye brosha, akaegemea kiti. Sura yake ilikuwa tulivu, hilo ndilo lililonitia kinyaa zaidi. Hakuona haya hata kidogo.

"Kuna njia ya kutoka," akasema. "Hiyo karatasi inahamishika. Anakuja mtu, anakaa kwenye nafasi yako, chako kinarudi, unatoka msafi. Yeye ataongea na mzee Rusli amwongezee miaka mingine. Labda atakubali."

"Labda?"

"Labda."

"Na mpumbavu gani ataichukua?"

"Usimtukane mtu, mzee. Ni wa kwenu huyo."

Akanisogezea simu. Kwenye kioo kulikuwa na pasipoti, na kwenye pasipoti kulikuwa na Ilham.

Ilham ni mtoto pekee wa marehemu kaka yangu. Anasoma udaktari hapa hapa Guangzhou, mwaka wa nne, kwa ufadhili. Kaka alipofariki hakuacha kitu ila nyumba ya Kikwajuni, ile yenye picha yangu sebuleni. Ndimo anamokaa Bi Chausiku, ndimo anamokaa mama yangu. Nyumba ile ikiondoka, wanawake wawili hawana pa kuweka kichwa, na mmoja wao ndiye aliyenizaa.

"Wanauza nyumba?" nikauliza.

"Mnunuzi yupo tayari. Ila mama yake Ilham ana msimamo. Kasema hauzi mpaka shemeji yake asimame kwenye semina yangu Jumamosi, aseme kwa mdomo wake kwamba kisiwa ni kizuri. Si uliwaambia mwenyewe mtahamia wote?"

Niliwaambia. Kwenye simu, siku niliyolipa. Nilimwambia mama atakula samaki mbichi kila siku. Nilimwambia Bi Chausiku atasimamia jiko la wageni. Ilham niliwahi kumwonyesha kwenye ramani. Yeye aliamini hata nilichotia chumvi.

Nikamtemea mate Humphrey. Hayakumfikia. Yaliangukia brosha, juu ya kucha zake. Akachukua tishu akafuta polepole, akaitupa ndooni.

"Sawa," akasema. "Basi Jumamosi simama uwaambie ukweli. Waambie uliombea dua miezi miwili. Waambie mpaka Mtume ulimtaja. Video nitairusha mimi mwenyewe kwenye projekta, wataiona hadi Pemba."

Nilikuwa nimeshafika mlangoni.

"Saa nane mchana, mzee. Vaa ile kanzu ya kwenye picha."

Sasa nitawaambia jambo ambalo mpaka leo sijamwambia mke wangu. Niliposhuka zile ngazi sikuwa nafikiria nyumba ya kaka. Nilikuwa nafikiria vicheko. Nilikuwa nawasikia wanaume wa barazani Kikwajuni wanavyoinua mikono kila nikipita. Nyumba ilikuja akilini baadaye, nilipofika chini, na nikajichukia kwa kuchelewa kwake.

Ijumaa Ilham alinipigia mara nne. Simu nikaitazama inalia. Nikaenda msikitini. Imamu alipoinua mikono kuomba dua, safu nzima ikainua. Yangu ilikataa kunyanyuka. Mzee wa Kichina wa pembeni yangu akanitazama kwa huruma, pengine alidhani nina baridi yabisi.

Jumamosi nilikwenda. Na msinitukane bado, nilikwenda nikiwa nimeamua kusema kweli. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu asubuhi: ndugu zangu, msinunue, mimi nimedanganyika. Maneno matano tu. Niliyarudia njiani mpaka dereva wa teksi akaniangalia kwenye kioo.

Lakini kanzu nilivaa. Sijui kwa nini nilivaa kanzu.

Ukumbi wa hoteli ulikuwa na zulia lililokunywa sigara za miaka ishirini, na mtu alikuwa ameleta doriani, lile tunda linalonuka, humo ndani. Watu kama ishirini na tano: wanafunzi wetu, wafanyabiashara wa Dar na Unguja, Wakenya kidogo. Ukutani projekta inaonyesha kisiwa. Maji ya bluu, mchanga mweupe, msichana wa Kizungu kwenye bembea. Bomba halimo. Moshi haumo. Nilipaangalia pale ukutani hata mimi nikapatamani, ndio upumbavu ulionifikisha hapa.

Ilham alikuwa mstari wa mbele. Akasimama.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu."

"Jana sikukupata. Nikasema ami yuko na mizigo." Akanishika mkono. "Nina wasiwasi, ami. Nyumba ya baba ndiyo hiyo tu. Mama kasema akisimama ami yako, tumemaliza. Na mimi nasema hivyo hivyo."

"Ilham, nisikilize..."

"Karibu mbele, Mwenye Kisiwa!" Humphrey akapaza sauti.

Makofi. Na ukutani, badala ya msichana wa bembea, nikatokea mimi. Kanzu nyeupe, macho nimeyafumba, mikono juu, Pak Rusli pembeni yangu anaitikia. Picha ya ukubwa wa ukuta. Mtu nyuma akasema, "Mashaallah." Msichana mmoja akajifuta machozi.

Humphrey akanipa kipaza sauti. Kilikuwa na jasho lake.

"Ndugu zangu," nikasema.

Nikaiangalia ile picha. Kwenye kona ya chini Humphrey alikuwa ameweka ile alama ya kuchezesha video. Kidole chake kilikuwa juu ya kompyuta. Angebonyeza mara moja tu, ukumbi mzima ungesikia dua yangu ndefu, na yeye angewafasiria.

"Ndugu zangu, kisiwa ni kizuri," nikasema.

Ndivyo nilivyosema. Nikaendelea. Nilisema maji yake ni matamu. Nilisema hewa yake inaponya kifua. Nilisema watu wake ni waaminifu, na hilo peke yake lilikuwa kweli.

Mwanamke mmoja akainua mkono. Alijitambulisha kuwa anaitwa Achieng, wa Kisumu, ananunua vitu vya watoto mtaa wa Yide Lu.

"Wacha nikuulize, mzee. Hiyo shamba title iko kwa jina ya nani?"

Mungu alinipa mlango huo. Ningesema jina moja tu, Rusli, yote yangeishia hapo.

"Haki miliki ipo," nikajibu. "Nimeiona kwa macho yangu."

"Sijauliza kama iko. Nimeuliza ni ya nani."

"Imeandikwa kabisa. Hak milik."

"Mzee anajibu ingine kabisa," Achieng akawaambia wenzake. Akachukua mkoba wake. "Mimi pesa yangu siwachi hapa. Mzee amevaa poa lakini macho yake inakimbia." Akatoka, na Wakenya wawili wakamfuata.

Hiyo ndiyo heshima niliyokuwa nailinda. Mwanamke asiyenijua aliisoma kwa dakika mbili. Wa kwangu walibaki wamekaa, kwa sababu wananijua.

Humphrey akaleta meza ndogo katikati, akaweka karatasi. Anayetoa: Abdulsalam. Anayepokea: Ilham. Simu zikainuliwa kurekodi. Ilham akaketi, akaisoma karatasi kama anavyosoma vitabu vyake vya udaktari, na kidole.

"Ami, hili neno sewa ni nini? Liko kila mahali."

Humphrey akanigeuzia macho. Aliniachia.

Alhamisi asubuhi ningemjibu kwa ujinga, na ujinga una msamaha wake. Jumamosi nilijua. Nilijua neno, nilijua tarehe, nilijua mpaka alivyocheka Anita.

"Ni sawa, mwanangu," nikamwambia. "Wenzetu wana lafudhi tu."

Ilham akacheka, akaona haya kwa kutojua. "Kumbe! Na mimi nimekesha naitafuta kwenye simu, nikaona mambo ya kodi kodi, nikasema nimekosea."

"Simu zinadanganya," nikasema.

Akatia saini.

Ikaja zamu yangu. Nanyi wasomaji msidhani sikuwa na mpango. Nilikuwa nao, na wakati ule niliuona wa busara. Nitie saini mbele za watu, aibu inipite. Jumatatu nimwite Ilham faragha, nimweleze yote, tuichane karatasi, Humphrey tumshughulikie kimya kimya. Nyumba ya Kikwajuni haiuzwi kwa siku mbili. Mnunuzi bado anasubiri. Nitakuwa nimeokoa nyumba na uso.

Nikatia saini.

Makofi yakapigwa. Ilham akanikumbatia, kichwa chake kikafika kwenye kidevu changu kama alivyokuwa akimkumbatia baba yake. Nilinuka jasho la woga, na mtoto wa watu hakujali. Akatoa simu, akapiga nyumbani, akaweka sauti kubwa ili wote wasikie.

"Mama! Ami ametia saini!"

"Alhamdulillahi!" Sauti ya Bi Chausiku ilikuja na kelele nyingi nyuma yake, watu wengi na mwangwi. "Hebu mpe shemeji yangu."

Nikachukua simu, nikasogea dirishani. "Bi Chausiku, salamu. Sikiliza, hilo la nyumba msiliharakishe. Tuzungumze Jumatatu, mimi na wewe."

"Nyumba gani tena, shemeji? Si tumeshaikabidhi jana baada ya swala ya Ijumaa. Mwenyewe kashabadilisha kitasa."

Nikaliziba sikio la pili kwa kiganja.

"Nani kawaambia mkabidhi? Si ulisema mpaka nisimame?"

"Kijana wako Humphrey alipiga Alhamisi jioni. Kasema umetoka ofisini kwake sasa hivi, umekubali yote, imebaki kusimama tu mbele za watu. Nikasema kama shemeji kakubali, mimi nani? Na mtu mwema yule, shemeji. Viza zetu katushughulikia yeye tangu mwezi ule ulipotupigia simu ya kisiwa, hakutaka hata senti."

Mwezi ule. Mwezi ule mimi nilikuwa sijakanyaga Gili Randu. Nilikuwa bado nauza vitambaa na kujisifu.

Nikageuka. Humphrey alikuwa anakunja waya wa projekta kwenye kiwiko chake. Aliniona namtazama, akaninyooshea dole gumba.

"Viza za wapi?" nikauliza.

"Za huko kisiwani kwako! Tuko uwanja wa ndege Dar, ndiyo hizo kelele. Wanatuita kupanda. Ngoja, mama anakutaka."

Simu ikakwaruza. Kisha nikaisikia sauti ya mama yangu, anapiga kelele kama kawaida yake, maana haamini kwamba simu inafika mbali.

"Abdu!"

"Naam, mama."

"Nimekuja na kibegi kimoja tu, usione nimebeba vitu. Nguo mbili na sanda yangu."

"Mama, usipande hiyo ndege. Mama, nisikilize..."

"Sikusikii, kelele hapa! Nasema sanda nimeibeba. Nikifa usihangaike kunirudisha Unguja, usiingie gharama. Unizike hapo hapo, mwanangu, kwenye ardhi yako mwenyewe."

Kipaza sauti cha uwanjani kikaita abiria wa mwisho, na mama akakata simu.